Paneli ya kabati la gemu: mkono kwanza, vitufe baadaye

Weka kiganja cha mkono wa kulia juu ya meza, kilegeze kabisa, kisha tazama ncha za vidole. Hazikai kwenye mstari mmoja. Kidole cha kati kimetangulia, cha shahada na cha pete vimebaki nyuma yake kidogo, na cha mwisho kimerudi nyuma zaidi. Ukizitia alama ncha hizo kwa penseli unapata upinde, tena upinde ulioinama upande mmoja, kwa kuwa mkono unatoka begani na kupinda kiwikoni kabla ya kufika mezani. Alama hizo nne za penseli ndizo mwanzo wa paneli, yaani ubao wa vijiti na vitufe, ya kabati la gemu. Wengi wanaojitengenezea kabati huanzia kwingine: huanza kwa kuhesabu vitufe.

Nami nilianzia huko huko. Paneli yangu ya kwanza ilikuwa na joistiki (vijiti vya kuelekeza) mbili, vitufe 8 kwa kila mchezaji, mpira wa kuviringisha katikati, nobu ya kuzungusha pembeni yake, na safu ya vitufe vya amri juu. Kwenye karatasi ilipendeza, nikaona haijaacha kitu. Ilipoanza kutumika, kila aliyesimama mbele yake aliuliza swali moja, "Nibonyeze kipi?" Mimi mwenyewe, nikicheza gemu ya kupigana kwa nusu saa, kifundo cha mkono kilianza kuuma, kwa sababu ule mpira ulikuwa umesukuma vitufe vyangu hadi ukingoni na mkono ukalazimika kujikunja kuvifuata. Baada ya miezi michache niling'oa paneli nzima. Ya pili niliipanga kinyume: niliamua kwanza gemu zipi hazitachezwa juu yake. Uamuzi huo ni mgumu kuliko kazi yote ya mbao na nyaya, na ukishaufanya, vipimo vingi vilivyobaki hujipanga vyenyewe.

Kila gemu ilikuja na paneli yake

Mashine za gemu za sarafu za zamani hazikujua shida hii. Kabati moja lilibeba gemu moja, na paneli ilitengenezwa kwa ajili ya hiyo peke yake. Asteroids ya mwaka 1979 haikuwa na joistiki hata moja. Ilikuwa na vitufe vitano vya kuchezea: viwili vya kugeuka kushoto na kulia, kimoja cha kusukuma chombo mbele, kimoja cha kupiga risasi, na kimoja cha kutoweka na kuibukia mahali pengine. Mwaka uliofuata Pac-Man ikaja kinyume kabisa, na joistiki moja ya pande 4 bila kitufe chochote cha kuchezea. Missile Command, ya mwaka huo huo wa 1980, iliendeshwa kwa mpira wa kuviringisha. Tempest ya 1981 ilitaka nobu inayozunguka bila kikomo. Robotron: 2084 ya 1982 ilimpa mchezaji mmoja joistiki mbili, ya kushoto ya kutembea na ya kulia ya kufyatulia. Nayo Q*bert, ya mwaka huo huo, ilifungiwa joistiki iliyogeuzwa nyuzi 45, kwa kuwa mhusika wake huruka kimshazari tu.

Baadaye maumbo yakaanza kufanana, na sababu ilikuwa biashara. Mwenye mashine alitaka kubadilisha bodi ya gemu bila kununua kabati jipya. Kiwango cha JAMMA, kilichotoka Japani mwaka 1985, kiliziunganisha nyaya zote za kabati kwenye kiunganishi kimoja cha pini 56, chenye nafasi ya joistiki na vitufe vichache kwa kila mmoja wa wachezaji wawili. Street Fighter II ilipokuja mwaka 1991 na vitufe 6 kwa kila mchezaji, ngumi tatu safu ya juu na mateke matatu safu ya chini, kiunganishi kile hakikutosha, na vitufe vya mateke vikaongezewa nyaya zake za pembeni. Mpangilio huo wa safu mbili za vitufe vitatu ndio ambao wengi wetu tunauona akilini tukisikia neno paneli.

Kisha mwaka 1997 ikatoka MAME, programu iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria, na kompyuta moja ikaweza kuendesha gemu za mashine nyingi mno. Hapo ndipo maumbo yote niliyoyataja yalipoanza kugombania ubao mmoja wa upana wa sentimita 60 na kitu. Anayejitengenezea kabati leo anarithi ugomvi huo, na ni lazima autolee hukumu.

Njia ninayoiamini ni hii: chukua karatasi, andika majina ya gemu 10 ambazo kweli utazicheza mwaka mzima. Zile unazozistahi tu kwa sababu ya historia yake ziache nje. Mbele ya kila jina andika vidhibiti inavyotaka. Mara nyingi utagundua kwamba joistiki moja ya pande 8 na vitufe 6 inabeba saba au nane kati ya hizo, na kwamba zilizobaki ni za aina moja au mbili: ama gemu za awali za pande 4, ama gemu moja ya mpira ambayo mtu wa nyumbani anaipenda sana. Hapo unajua ni nini cha kujadili. Vitu vingine vyote vinatoka, hata kama vinauzwa rahisi na vinapendeza.

Pande 4 na pande 8 si jambo dogo

Joistiki ya kawaida ya mashine hizi haipimi umbali. Chini ya kijiti kuna swichi ndogo nne: juu, chini, kushoto, kulia. Ukisukuma kijiti upande mmoja, unafunga swichi moja. Ukikisukuma kwenye kona, unafunga mbili kwa pamoja, na gemu inasoma mshazari. Hiyo ndiyo maana ya pande 8: swichi nne, na kona nne zinazozaliwa na swichi mbili mbili.

Sasa chukua Pac-Man. Unakimbia kulia, unataka kupanda kwenye njia ya juu. Mkono wa binadamu hausukumi kijiti kwa usahihi wa rula. Kinapita karibu na kona, na kwa sekunde ndogo swichi ya juu na ya kulia zote zimefungwa. Gemu iliyoandikwa kwa joistiki isiyoweza kutoa ishara mbili kwa pamoja inapata ishara mbili, na huenda ikaendelea na ile ya zamani. Unapita njia yako, mzimu unakushika. Mchezaji anajilaumu kwamba amezeeka, kumbe lawama ni ya joistiki. Donkey Kong hukuonyesha jambo hilo hilo kwenye ngazi: unasukuma juu, mhusika anasimama chini ya ngazi akitikisika.

Dawa yake ni kibamba kinachofungwa chini ya joistiki na kuamua kijiti kiende wapi. Kibamba cha mraba kinaruhusu kona, tena kijiti kinatulia ndani yake, jambo linalowafaa wachezaji wengi wa gemu za kupigana. Kibamba cha pembe nane kinakupa mzunguko laini zaidi na kijishimo kidogo kwa kila upande. Kibamba cha pande 4 kinazuia kona kabisa. Baadhi ya joistiki hubadilishwa kwa kugeuza kibamba hicho hicho nyuzi 45, lakini kwa kawaida kazi hiyo hufanyika chini ya paneli, na ukweli ni kwamba hakuna anayefungua paneli kila anapobadilisha gemu. Mwezi wa kwanza utafanya hivyo, wa pili utaacha.

Kwa hiyo, kama orodha yako ina gemu tatu au nne za awali, ninashauri joistiki ya tatu, ndogo, ya pande 4 tu, iwekwe katikati ya paneli juu kidogo, na kitufe kimoja kila upande wake. Vitufe viwili hivyo vinafanya kazi moja. Anayetumia mkono wa kushoto anachagua chake na wa kulia anachagua chake, bila yeyote kuzoea upya. Hicho ndicho kitu pekee cha ziada ninachokitetea kwa moyo wote kwenye paneli ya watu wawili, kwa sababu kinafungua mlango wa gemu nyingi kwa nafasi ndogo na hakimsukumi mtu pembeni.

Vitufe: umbali na upinde

Kwa ukubwa wa vitufe kuna koo mbili. Ukoo wa Kijapani hutoboa tundu la milimita 30 kwa vitufe vya kuchezea na milimita 24 kwa vile vya kuanzia. Ukoo wa Kimarekani hutoboa tundu la inchi 1 na moja ya nane, yaani karibu milimita 28.6. Wa kwanza ni wepesi, unapoguswa tu umeshabonyezwa. Wa pili una springi ngumu zaidi na mlio wa swichi unaosikika chumba kizima. Hakuna ulio bora, ila kuchanganya koo mbili kwenye mkono mmoja ni kosa: vidole vinajifunza nguvu ya kubonyeza, na kitufe kimoja kigumu katikati ya vilaini kitakuponza.

Kingo za kitufe cha milimita 30 zinakifanya kiwe na upana wa karibu milimita 33 juu ya paneli. Ukipima katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata, milimita 36 zinaacha nafasi ndogo ya kutosha kuteleza kutoka kimoja hadi kingine bila kubonyeza viwili. Ukienda hadi 40 na zaidi, mkono mdogo unaanza kunyooka. Mtu mwenye vidole vinene anaweza kupenda nafasi hiyo, kwa hiyo pima mkono wa watakaocheza.

Rudi sasa kwenye alama za penseli. Kitufe cha kwanza cha safu ya juu, kile cha kidole cha shahada, kinakaa chini kidogo ya cha pili. Cha pili na cha tatu vinaweza kukaa karibu sawa, kwa kuwa mkono umelala kutoka kulia na kidole cha pete kinaelekea ndani. Safu ya chini inafuata umbo lile lile, lakini inasogea upande kidogo, kulingana na vidole vinavyokunjika kurudi kwenye kiganja. Safu mbili zilizonyooka kama askari gwarideni zinapendeza kwenye picha na zinachosha mkono baada ya raundi chache.

Gemu zingine zinakaaje juu ya vitufe hivyo sita? Mashine za Neo Geo, zilizotoka mwaka 1990, zilikuwa na vitufe vinne, A, B, C na D, kwenye mstari mmoja. Mimi huviweka A chini kushoto na B, C, D safu ya juu, na mkono unazoea ndani ya siku moja. Mortal Kombat ya 1992 ni kesi tamu zaidi. Ilikuwa na vitufe vitano vilivyopangwa kama herufi X: ngumi mbili kushoto, mateke mawili kulia, na cha kujikinga katikati. Kwenye safu mbili za vitatu hakuna kitufe cha katikati, kuna viwili, kimoja juu na kimoja chini. Ndani ya MAME unaweza kukipa kitendo kimoja vitufe viwili, kwa hiyo vyote viwili vya katikati vifanye kazi ya kujikinga. Kidole kikianguka juu au chini, umejikinga. Wapo wanaotoboa tundu la saba katikati kwa ajili ya gemu hii. Tundu hilo linavuruga mkono kwenye gemu nyingine zote.

Kitufe cha saba na cha nane navyo nina neno navyo. Vina maana kama kabati litaendesha gemu za mashine za nyumbani za kisasa, ambazo padi zake zina vitufe vingi. Kama orodha yako haina gemu hizo, viache. Kila kitufe kisicho na kazi kinamwongezea mgeni swali.

Watu wawili na viwiko vinne

Paneli ya sentimita 65 ikigawanywa kwa wawili inampa kila mtu sentimita 32 na nusu. Mabega ya mtu mzima yanazidi sentimita 40. Hesabu hiyo ndogo inaeleza kwa nini kiwiko cha kulia cha mchezaji wa kwanza kinapigana na mkono wa kushoto wa mchezaji wa pili, na kwa nini paneli nyingi za kujitengenezea hutanuka nje ya kabati kidogo, hadi sentimita 75 au 80. Kutanua kunasaidia. Pia acha nafasi kati ya joistiki na kitufe cha kwanza. Mimi natumia sentimita 12 hivi, katikati hadi katikati, na mikono miwili inakaa bila kubanana mbele ya kifua.

Kuna kosa moja kwenye paneli za watu wanne ambalo nimelikuta mara kadhaa na linaniuma, kwa sababu aliyelitenda alikuwa na nia njema. Wachezaji wa pembeni husimama kimshazari wakitazama skrini, basi fundi anageuza joistiki zao ziwaelekee. Kitendo hicho kinaharibu kila kitu. Mchezaji anapocheza macho yake yako kwenye skrini, na "juu" kwake ni juu ya skrini. Joistiki ikigeuzwa hata nyuzi 20, akisukuma kuelekea skrini anaukaribia mshazari, na mhusika wake anayumba njia nzima. Vitufe vinaweza kugeuzwa kumfuata mchezaji, kwa kuwa vitufe havina mwelekeo. Joistiki lazima ibaki sambamba na skrini, hata ikiwa ukiitazama bila kucheza inaonekana imekaa vibaya.

Kwa anayecheza amesimama, uso wa paneli ukiwa kati ya sentimita 90 na 100 kutoka sakafuni unawafaa watu wazima wengi, na mteremko wa nyuzi 5 hadi 10 kuelekea kwa mchezaji unapumzisha kifundo cha mkono. Watoto wawekewe jukwaa la kusimamia. Ukishusha paneli kwa ajili yao, utainamisha migongo ya wengine wote. Ukingo wa mbele uuviringishe vizuri kwa msasa, kwa maana hapo ndipo mkono unapolala saa nzima, na ukingo mkali unakata damu isipite.

Mpira na nobu

Kama mpira wa kuviringisha umeshinda kwenye orodha yako, upe haki yake. Ule mkubwa una kipenyo cha inchi 3, karibu milimita 76, na boksi lake chini ya paneli ni kubwa zaidi ya unavyodhani. Lakini nafasi inayosahaulika ni ya juu: mtu anayepiga mpira kwa nguvu kwenda mbele, mkono wake unaendelea kusafiri. Kama kuna joistiki au kioo karibu, vifundo vya vidole vitagonga. Acha uwanda mtupu mbele yake na nyuma yake. Kwa kompyuta, mpira na nobu vyote ni kipanya tu: duara lenye matundu linakata mwanga mbele ya vihisi viwili, na mpishano wa vihisi hivyo ndio unaoeleza umezunguka upande gani.

Ukiona mpira na vitufe 6 vinagombana na hakuna anayekubali kushindwa, suluhisho safi ni paneli mbili zinazobadilishana kwenye kabati moja. Kila paneli ina enkoda yake, yaani bodi ndogo inayopeleka ishara za vitufe kwenye kompyuta, na waya mmoja wa USB. Unalegeza vikomeo viwili, unainua moja, unalaza nyingine. Ni kazi zaidi ya mbao, lakini kila paneli inabaki na akili timamu.

Vitufe vya amri

Hivi ni vichache: sarafu na kuanza kwa kila mchezaji, na kutoka. MAME ina desturi yake ya namba, 5 na 6 kwa sarafu, 1 na 2 kwa kuanza, na ni vyema kuiacha ilivyo. Vya kuanza viwe juu, mbali na mikono, kila kimoja upande wa mwenyewe. Kitufe cha kutoka kisikae kabisa juu ya paneli karibu na vingine. Mtu atakibonyeza katikati ya mchezo mzuri kuliko yote aliyowahi kucheza. Kiweke ukingo wa mbele chini, au juu ya kabati, au tumia enkoda inayokubali vitufe viwili kwa pamoja, mfano ushike cha kuanza cha kwanza na kubonyeza kingine. Kama unapenda gemu za pinboli, kitufe kimoja kila ubavu wa boksi la paneli kitakufurahisha, na hakichukui nafasi ya juu.

Kadibodi kabla ya mbao

Chora paneli nzima kwa ukubwa wake halisi, bandika mchoro juu ya kadibodi nene, kata matundu kwa kisu na uvipachike vitufe vyenyewe na joistiki. Ilaze kwenye urefu halisi, juu ya meza na vitabu, kisha cheza. Dakika kumi hazitoshi. Cheza nusu saa, mwalike mwenzako msimame wawili, mpishane pande. Kadibodi italegea na vitufe vitatikisika, lakini mkono utakwambia ukweli. Kwenye kadibodi ya paneli yangu ya pili nilikuta kidole changu cha pete kinatua kila mara kati ya kitufe cha tatu na cha pili. Nilivisogeza vitufe vya tatu vya safu zote mbili milimita 4 chini, nikatoboa upya, na malalamiko yakaisha. Milimita 4 kwenye kadibodi ni kisu na dakika mbili. Kwenye mbao ya milimita 18 iliyokwisha kupakwa rangi ni paneli nyingine.

Unene wa mbao nao una mambo yake. Joistiki nyingi za Kijapani zilibuniwa kufungwa chini ya bamba jembamba la chuma, na kijiti chake ni kifupi. Ukiifunga chini ya plaiwudi ya milimita 18, kitakachochomoza juu ni kichwa tu. Chimba kishimo chini ya ubao, kwa mashine ya kuchonga au patasi kwa mwenye subira, ubakize milimita 6 hivi mahali joistiki inapokaa. Vitufe vya kubana kwa meno vinashika bamba la milimita chache tu. Juu ya mbao nene nunua vya nati, na kabla ya kununua uulize urefu wa hesi yake. Matundu yatobolewe kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, na kipande cha mbao chakavu kikibanwa kwa nyuma, la sivyo plaiwudi itachanika upande wa chini. Ukifunika uso kwa akriliki au polikaboneti, toboa polepole na ubane pande zote mbili. Haraka inapasua akriliki kama barafu.

Funga paneli kwa bawaba. Siku moja swichi itakufa, nawe utashukuru kuinua paneli kama kifuniko cha sanduku.

Nyaya

Chini ya paneli mambo ni mepesi kuliko yanavyoonekana. Kila kitufe ni swichi yenye ncha mbili. Ncha moja inakwenda kwenye mlango wake kwenye enkoda, nyingine inakwenda kwenye waya wa pamoja. Swichi za ukoo wa Kimarekani zina ncha tatu: COM, NO na NC. Tumia COM na NO. Ukiunganisha NC, kitufe kitakuwa kimebonyezwa muda wote hadi utakapokibonyeza. Viunganishi vya kubana huja kwa upana wa milimita 2.8 na 4.8, na ukinunua visivyo vitalegea au vitakataa kuingia, kwa hiyo pima ncha kwanza.

Waya wa pamoja hupita kitufe hadi kitufe kama shanga kwenye uzi. Ukikatika katikati, vyote vinavyofuata vinazimika. Basi usiuache ukiishia kitufe cha mwisho. Urudishe kwenye enkoda ufunge duara. Hapo ukikatika mahali pamoja, kila kitufe bado kinafikiwa kutoka upande wa pili.

Wapo wanaovunja kibodi ya zamani na kutumia bodi yake badala ya enkoda. Ielewe kabla ya kuijaribu. Kibodi ya kawaida imepangwa kama wavu wa mistari ya kulala na ya kusimama, na kila kibonye kinaunganisha mlalo mmoja na wima mmoja. Vibonye vitatu vikibonyezwa kwenye pembe tatu za mstatili, umeme unapata njia ya kuzunguka na pembe ya nne inasomeka kana kwamba nayo imebonyezwa; kibodi nyingi huepuka hilo kwa kukataa kibonye cha tatu. Watu wawili wakipigana wanabonyeza vitu sita kwa mara moja bila kufikiri. Pigo lako linapotea, au mhusika anaruka bila kuambiwa. Enkoda iliyotengenezwa kwa kazi hii inampa kila kitufe mlango wake, na shida hiyo haipo.

Kati ya enkoda zenyewe, zipo zinazojitambulisha kwa kompyuta kama kibodi na zipo zinazojitambulisha kama padi. Ukitumia padi mbili zinazofanana kabisa, moja kwa kila mchezaji, kompyuta inaweza kuzibadilishana namba inapowashwa, na mchezaji wa kwanza akajikuta wa pili. Ya kibodi moja kwa paneli nzima haina hadithi hiyo. Kuhusu kuchelewa, gemu ya picha 60 kwa sekunde inatoa picha moja kila milisekunde 16.7, enkoda inayosomwa kila milisekunde 8 inaweza kula karibu nusu ya muda huo, na inayosomwa kila milisekunde 1 hutaihisi kabisa.

Kabla ya kufunga paneli, fungua programu yoyote inayoonyesha vitufe vilivyobonyezwa. Mmoja ashike joistiki kwenye kona na vitufe vitatu, mwenzake afanye hivyo hivyo upande wake, na nyote msiachie. Hesabu ishara kwenye skrini: kona mbili na vitufe sita, jumla 10. Zikitimia zote kumi, kaza skrubu.